Swichi ya Saba

Mimi ndiye ninayefagia.
Saa kumi na moja, kabla wageni hawajashuka,
chini ya kila taa pana rundo lake:
sam, wale visubi wa ziwa, weusi kama makapi ya chai,
nondo wenye vumbi la dhahabu mabawani,
mende wa maji waliolala chali
wakiipiga hewa mateke.
Napima kwa debe. Juzi debe moja na kidogo.
Jumamosi, mvua ilipokatika, mawili.
Kuku wangu kule Nyalenda wamenenepa
hata Min Ogola, jirani, anauliza nawalisha nini.
Nawalisha usiku, namwambia.

Msinione mnafiki.
Giza nalijua.
Kwenye njia ya Auji lilimnyang'anya dada yangu pochi
na meno mawili ya mbele,
na hadi leo hatujui lilikuwa na mikono ya nani.
Tulipowekewa mlingoti wa mulika mwizi
tulicheza chini yake mpaka manane,
na jogoo wa watu, maskini,
akawika saa tano, akawika saa saba, akawika saa tisa,
mwenyewe akamchinja
kwa kukosa adabu.

Lakini taa za hoteli hazimuliki mwizi.
Ziko kumi na mbili, zimeelekezwa Dunga, kwenye mafunjo,
ili mgeni aone kijani saa nne za usiku
akiwa na glasi mkononi.
Humo ndani wamo wenye nyumba.
Kuna ndege mmoja, jina lake kwa Kiswahili silijui,
kifua chekundu kama kaa la moto.
Zamani aliimba na mwenzake kukipambazuka,
huyu akiuliza, yule akimalizia,
hujui sauti ilipoungwa.
Sasa anauliza saa nane za usiku.
Anauliza tena.

Na vimulimuli!
Nilipoanza kazi walinisindikiza
kutoka kijitoni hadi getini, bila malipo.
Binti yangu Adoyo ana miaka sita.
Nilimweleza habari za mdudu mwenye taa matakoni,
anayewasha ili apate mchumba.
Alicheka hadi akakwama.
"Mama, unatunga."

Mwezi wa nne stima ikapotea.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Meneja akapiga simu, akapiga meza.
Mimi nikatoka nje na ufagio wangu.
Kwanza sikuona kitu.
Halafu nyota, nyingi, bila mpangilio,
kama mtama uliomwagika.
Vyura wakaanza upande mmoja, wakaitikiwa upande wa pili.
Kiboko akashusha pumzi, karibu kuliko nilivyopenda.
Na kule chini, juu ya matope,
kimoja.
Kikazima. Kikawaka,
kama mtu anayebisha hodi nyumba aliyofukuzwa.
Nikabana pumzi.
Mbali, penye mafunjo makavu,
akaitikiwa.

Dakika arobaini.
Stima iliporudi wageni walipiga makofi.

Ukutani nyuma ya jikoni zimo swichi kumi na mbili.
Ya saba ni ya upande wa kijito.
Siku hizi, nikimaliza sufuria za usiku,
kiwiko changu hukosea njia.
Fundi Osewe ameitwa mara tatu.
Mara ya kwanza alibadilisha balbu.
Mara ya pili, waya.
Mara ya tatu alisimama, akaitazama swichi,
akakitazama kiwiko changu, kilikuwa na povu la sabuni,
naye akamwambia meneja:
"Ni unyevu wa ziwa huu. Hauna dawa."
Akakunja mfuko wake, akaondoka
bila kudai nauli.

Debe la upande ule halijai tena.
Kuku wananinunia.

Jumapili zamu yangu inaanza mapema, nitakuja na Adoyo.
Nimemwambia avae viatu vya mvua,
asiongee,
na asiniulize kwa nini pale, katikati ya mwanga wote huu,
pana tundu jeusi
lenye ukubwa wa mkeka.